Siku Kumi Baharini na Barua Niliyofichwa

Mpenzi msomaji, kabla hujanihukumu ngoja nikiri mwenyewe. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri makala za watu wanaowashauri wanandoa waongee. Ongeeni, ongeeni, mawasiliano ndiyo nguzo ya nyumba. Digrii yangu yenyewe ni ya mawasiliano ya umma. Halafu Oktoba 2023 nikajikuta katikati ya bahari, kwenye chumba kisicho na dirisha, na mume ambaye sikuwa nimemsemesha kwa siku tatu.

Safari ilikuwa ya kusherehekea miaka kumi ya ndoa. Fungate yetu ya 2013 ilikuwa siku mbili Bagamoyo, mvua ikinyesha mwanzo mwisho, kwa hiyo deni la kutembezwa nilikuwa nalo siku nyingi. Aliyetutia tamaa ni wifi yangu anayeishi Hamburg. Alinieleza siri ambayo sikuijua: meli kubwa za kitalii zinazozunguka Norway na bahari ya Baltiki wakati wa joto, baridi ikianza huhamia Mediterania. Kwa kuwa lazima ziende, ziwe na wageni au zisiwe nao, bei ya safari hiyo ya kuhama hushuka. Siyo bei ya daladala, lakini hushuka.

Basi nikacheza mchezo na wanawake wenzangu mizunguko miwili, Baba Naima akaweka bonasi yake, wifi akatuongezea kama zawadi. Tukachukua chumba cha ndani, kile cha bei ya chini kabisa. Kwa anayewaza kutuiga: nauli ya ndege ndiyo iliyotuuma zaidi. Viza ya Schengen moja ilitutosha kwa sababu Ujerumani, Ufaransa, Hispania na Ureno zote zimo humo, ila utadaiwa bima ya safari inayofika euro 30,000, taarifa za benki na barua ya mwajiri. Na ukishapanda, chunga sana. Chakula kimelipiwa, lakini bakshishi ya wahudumu hukatwa kila siku kwenye akaunti yako bila kuulizwa, na intaneti ya melini inauzwa kama dhahabu. Sisi hatunywi pombe, hapo ndipo tulipowaweza.

Naima wetu, miaka sita wakati huo, tukamwacha kwa mama yangu Tabata.

Majira yenyewe ni vuli. Kwetu ukisema vuli mtu anawaza mvua, matope na mahindi ya kuchoma. Kule vuli ni majani kupukutika. Tulifika Hamburg miti ya barabarani imegeuka rangi ya manjano na nyekundu kama khanga mpya, na upepo unaokata masikio.

Hamburg ni mji wa bandari ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka baharini. Meli zinapanda mto Elbe. Baba Naima kazi yake ni mambo ya makontena pale bandarini Dar, kwa hiyo alikuwa kama mtoto kwenye duka la pipi. Alitupeleka chini ya mto wenyewe, kwenye njia ya chini ya ardhi ya mwaka 1911 ambayo mpaka leo watu wanapita kwa miguu, maji yako juu ya kichwa chako. Halafu tukaenda Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yaliyoanza kujengwa 1883 juu ya nguzo zilizopigwa kwenye tope. Humo ndimo walimokuwa wakiweka kahawa, chai, mazulia na viungo. Mimi nilichukuliwa na harufu. Kuna kona ukipita unasikia karafuu, na moyo unakwambia Unguja, wakati miguu inakufa kwa baridi.

Wifi alitaka kutupeleka pia makaburi ya Ohlsdorf, alikozikwa Bibi Salme. Unamkumbuka? Binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja 1844, akapendana na mfanyabiashara wa Kijerumani jirani yake, Heinrich Ruete, akapata mimba na kutoroka 1866 kwa meli ya Waingereza mpaka Aden. Wakaoana huko 1867, akabatizwa Emily, wakahamia Hamburg. Miaka mitatu tu baadaye, 1870, mume akafa kwa ajali ya tramu. Akabaki na watoto watatu kwenye mji wa baridi. Kumbukumbu zake alizozichapisha 1886 ziliandikwa kwa Kijerumani. Alirudi kuiona Unguja mara mbili tu, 1885 na 1888, na alikufa 1924.

"Jamani wifi," alisema Baba Naima akicheka, "watu wamekuja kula raha, unawapeleka makaburini?" Tukaghairi.

Jioni ile, usiku wa kuamkia meli, wifi akapika pilau. Tumekaa vizuri, stori zinanoga. Akasema, huku anamwongezea kaka yake nyama: "Mkishahamia huku mwakani, Naima nitamtafutia shule ya karibu na hapa. Kijerumani atakipata miezi sita tu."

Mwenzangu, kimya. Baba Naima akaiangalia sahani kama anayehesabu punje za mchele. Wifi akatutazama, akanitazama mimi, akaelewa kwamba ameshika moto kwa mkono. Na mimi, ugenini, mezani pa wifi, ningesema nini? Nikasema pilau limekolea.

Meli ikang'oa nanga kesho yake jioni. Watu wote juu wanapunga mikono, mji unawaka taa kingo zote mbili za mto. Ilikuwa picha ya kuweka kwenye jalada la gazeti. Mimi nilikuwa chini nimelala, nimegeukia ukuta.

Bandari ya kwanza ilikuwa Le Havre. Wengi kwenye meli yetu, karibu wote wastaafu wenye umri wa wazazi wetu, walikimbilia Paris, ambayo iko mbali, zaidi ya saa mbili kwenda na zaidi ya mbili kurudi. Uone Mnara wa Eiffel dakika ishirini halafu ukimbizane na meli? Sisi tukapanda basi tukavuka daraja la Normandie kwenda Honfleur, mji mdogo wa nyumba nyembamba zilizobanana kuzunguka bandari ya zamani. Kuna kanisa la mbao pale, Sainte-Catherine, lililojengwa na mafundi wa meli. Ukiinua macho darini unaona majahazi mawili yaliyopinduliwa. Nilitaka kumwambia Baba Naima, "ona, kama Kilwa," kwa kuwa yeye ni mtu wa Kilwa na nyumba yao ilikuwa hatua chache kutoka kwa mafundi wa mashua. Nikakumbuka kwamba simsemeshi. Tulitembea mji mzima kama watu wawili waliokutana kwenye foleni ya benki.

Halafu ikaja Ghuba ya Biscay.

Kama umewahi kupanda boti ya Unguja siku ya kusi, wale mabwana wanagawa mifuko ya plastiki mapema, basi zidisha mara kumi. Oktoba ndiyo bahari ile inaanza kuchafuka. Meli ya ghorofa kumi na mbili inainuka taratibu, inasimama kidogo kama inafikiri, kisha inashuka na tumbo lako linabaki juu. Nilitapika mpaka nikaanza kutubu. Baba Naima akakaa sakafuni karibu na kitanda, ndoo mkono mmoja, tangawizi mkono wa pili. Ukiwa katika hali ile huwezi kuendelea kununa. Kununa kunataka nguvu.

"Barua ilikuja lini?" nikauliza.

"Juni."

"Juni! Na sasa Oktoba?"

"Mkataba wa miaka miwili. Hamburg. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha."

"Na dada yako anajua, mimi sijui."

"Nilijua utasema hapana."

"Kwa hiyo ukanijibia."

Hapo nikashika ndoo. Alisubiri nimalize, akanifuta uso, ndipo akasema neno ambalo sikulitegemea. "Niliona aibu. Wewe ulikataa Nairobi kwa ajili yangu."

Ni kweli. Mwanzoni mwa 2020 nilipata kazi Nairobi, ya uhariri, mshahara mara mbili ya ule niliokuwa nao. Baba Naima alisema familia haigawanywi. Nikakataa, nikasema si kitu, Mungu atafungua mlango mwingine. Nikatabasamu. Tabasamu hilo nimelivaa miaka mitatu na nusu, na sikuwahi kumwambia kwamba kila nikiona jina la yule aliyeichukua nafasi ile linanichoma. Sasa utasema nani kamficha mwenzake? Mimi niliyefichwa barua miezi minne, au yeye aliyefichwa kinyongo miaka mitatu na nusu? Usiku ule sikuwa tayari kulipigia hesabu swali hilo. Nilimwambia tu, "Ningependa ungenambia." Akasema, "Najua." Meli ikashuka tena.

A Coruña tulifika hatuna ugomvi wala hatuna amani. Jua lilikuwa linawaka. Mji unang'aa, maana nyumba za kando ya bandari zina vibaraza vya vioo mbele, ghorofa baada ya ghorofa. Tukapanda Mnara wa Hercules, mnara wa taa uliojengwa na Warumi na ambao mpaka leo unawaka kuongoza meli. Ngazi ni zaidi ya 200. Juu unaona Atlantiki yote, ile ile iliyotaka kuniua jana yake, imetulia kama haijafanya kitu.

Tuliposhuka tukala pweza. Jamani, pweza! Wanamchemsha, wanamkata kwa mkasi, wanamwekea kwenye sahani ya mbao na mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na pilipili nyekundu ya unga. Baba Naima akaonja, akafikiri. "Mlaini," akasema, "lakini supu yake wamemwaga wapi?" Nikacheka mpaka mhudumu akageuka. Wasomaji wa Dar wanajua supu ya pweza inauzwa usiku kwa sababu gani. Hicho ndicho kilikuwa kicheko chetu cha kwanza tangu Hamburg.

Lakini mji ulioigusa ndoa yangu ni Lisbon, na hapo sina budi kukaa kidogo.

Meli inaingia asubuhi kwa mdomo wa mto Tagus. Upande wa kushoto unapita Mnara wa Belém, mweupe, umesimama majini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1500. Kutoka hapo Belém ndipo Vasco da Gama alipoondoka Julai 1497. Aprili 1498 akawa Mombasa, ambako mambo hayakumwendea vizuri, kisha Malindi alikopokewa. Nilikariri tarehe hizo shuleni na sikuwahi kufikiri kwamba zina upande wa pili, kwamba kuna gati hasa ambapo watu walisimama kumwaga machozi. Kaburi lake limo kwenye kanisa la Jerónimos, la mawe yaliyochongwa kama kamba za meli. Foleni ni ndefu. Nilitazama, nikatoka. Sikuwa na la kumwambia.

Mchana tukaenda makumbusho ya taifa ya sanaa ya kale. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna kitu pale mume wangu lazima akione. Nilikuwa nimepanga iwe zawadi yangu ya miaka kumi, kabla ya mambo ya pilau.

Kipo ndani ya kioo. Ni chombo cha kanisa, cha dhahabu tupu na rangi, kinaitwa Custódia de Belém. Kina minara midogo kama kasri, na mitume kumi na wawili wamepiga magoti duara. Kilikamilika 1506. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Vasco da Gama alirudi safari ya pili 1502, akaelekeza mizinga mjini, akamlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ikafika Lisbon 1503, mfalme Manuel akaamuru itengenezwe chombo hicho. Mwaka 1505 Wareno wakarudi Kilwa na jeshi wakaupora mji.

Baba Naima alisimama pale muda ambao sijawahi kumwona akisimama mbele ya kitu chochote, hata televisheni ya Simba na Yanga. Hakusema kitu. Akamwuliza mlinzi kama picha inaruhusiwa bila mwanga, akapiga moja, akaituma kwa baba yake Kilwa Masoko na maelezo. Tukiwa bado mlangoni ikarudi sauti ya mzee: "Waulize wanataka shilingi ngapi."

Tulicheka, lakini yeye macho yake yalikuwa yamelowa. Tukakaa kwenye ngazi za nje. Chini mtaani bibi mmoja alikuwa anachoma njugu zao kubwa za vuli, zile ambazo ganda lake ni la kahawia, moshi umetanda. Tukanunua za kwenye karatasi. Ndipo akanihadithia habari ya mjomba wake, ambayo kwa miaka kumi niliisikia nusu nusu tu. Mjomba alikuwa baharia. Aliondoka Dar kabla Baba Naima hajazaliwa, akiaga kwamba anakwenda mwaka mmoja. Barua ya mwisho ilitoka Rotterdam. Bibi yake aliendelea kumwekea sahani siku za Idi mpaka alipofariki.

"Nikiwaza Hamburg," akasema, "naiona ile sahani."

Kwa hiyo miezi minne yote ile, msomaji, mimi nikidhani ananificha kwa ujanja, mwenzangu alikuwa na hofu mbili mkononi na hajui aanze kuniambia ipi: kwamba nitakataa, au kwamba nitakubali. Sikumsamehe papo hapo. Nisiseme uongo kwenye ukurasa wangu mwenyewe. Lakini nilimpa njugu niliyokuwa nimeshaimenya.

Jioni ile tulizunguka tukitafuta Kiswahili chetu kwenye mabango na vinywa vya watu. Meza, bendera, leso, kasha, karata, parafujo, yote walituachia hawa. Wataalamu wa lugha husema hata gereza letu limetokana na neno lao la kanisa. "Kwetu Kilwa Gereza ni ngome, watalii wanaenda kupigia picha," Baba Naima akasema. "Wamechukua dhahabu, wakatuachia parafujo." Alilirudia hilo kwa kila aliyekutana naye melini, akilitafsiri kwa Kiingereza, na hakuna aliyelielewa.

Cádiz nitaipita haraka. Ni mji mkongwe mno, Wafoinike ndio walioujenga, umezungukwa na maji karibu pande zote, na ungestahili siku nzima. Sisi tulikuwa tumechoka, tukakaa ufukweni tukala samaki wa kukaanga. Wakati mwingine raha ya safari ni kutokwenda popote.

Usiku ule meli ikapita mlango wa Gibraltar. Pale penye wembamba zaidi ni kama kilomita 14 tu kati ya bara na bara. Tulipanda juu tumejifunga blanketi moja. Kushoto taa za Hispania, kulia taa za Moroko. Afrika ile pale, ungedhani unaweza kuogelea.

"Kiswahili changu nitakiuza kwa nani Hamburg?" nikamwuliza. Hilo ndilo lilikuwa langu, la chini kabisa. Siyo baridi, siyo chakula. Mimi ni mhariri wa Kiswahili. Ukinitoa kwenye lugha hii mimi ni mwanamke mwenye digrii anayetafuta kazi ya kufagia. Bibi Salme alikuwa binti wa Sultani na bado ilibidi akaandike kwa lugha ya watu.

Hakunijibu kwamba mambo yatakuwa sawa, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema, "Basi tusihamie. Niende mimi, mwaka mmoja, siyo miwili. Wakikataa, basi." Nikamwuliza na kazi kama ile ya Nairobi ikitokea tena? Akanyamaza mpaka taa za kulia zikaanza kupungua. "Ikitokea, mimi ndiye nitakayekufungia sanduku."

Barcelona ndiyo ilikuwa mwisho. Kuna mnara wa Columbus pale bandarini tangu 1888, ameinua mkono anaelekeza baharini, na chini yake kuna mabenchi. Tulikaa hapo na masanduku yetu kusubiri muda wa ndege, na Baba Naima akaandika jibu kwenye simu. Akanipa nihariri. Kiingereza chake ni kizuri, ila anapenda kuomba radhi. Nilifuta "samahani" tatu nikamwachia moja. Sentensi ya mwaka mmoja niliipandisha juu, iwe ya kwanza. Akabonyeza.

Walikubali. Aliondoka Januari 2024 na kurudi Januari 2025, kama ilivyoandikwa. Mwaka ule haukuwa mteremko. Kuna wiki tuligombana kwa simu kuhusu ada na fundi wa paa mpaka salio likaisha, na kuna usiku Naima alikuwa na homa nikamchukia kila mtu aliyeko Ulaya. Niliambiwa mengi na mashoga zangu pia, kwamba mume haachwi peke yake, nimejipalia makaa. Nilisikia.

Juni 2024, shule zilipofungwa, nilimpeleka Naima Hamburg kwa wiki nne. Safari hii tulikwenda Ohlsdorf. Makaburi yale ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya abiria yanapita ndani yake na yana vituo. Miti imefunga, ndege wanaimba, wala hudhani uko makaburini. Tulimpata Bibi Salme, amelala na mumewe na jamaa za mumewe. Naima alikuwa na miaka saba, na kila kitu anauliza. Nilimsimulia kisa chote nikiruka yale ya kurukwa. Baba yake akawa anasoma dua kimya kimya.

"Mama," Naima akasema, "sasa huku alikuwa anaongea Kiswahili na nani?"

Nilimtazama Baba Naima, naye akanitazama. Basi likaonekana linakata kona, tukakimbia.